Tarumbeta na digrii ya pili: uliza haya kabla hujaomba chuo Marekani

Wadogo zangu, kila ikifika mwezi wa kumi mnaniandikia kitu kilekile, "kaka nataka kusoma muziki Marekani ila mzee anasema lazima niwe na kitu cha maana pembeni". Leo naandika mara moja, nyie mtumiane. Mimi nimetokea bendi ya matarumbeta ya kanisani Moshi, nikaenda kusoma tarumbeta pamoja na fizikia, miaka mitano, na makosa yangu mengi niliyafanya kabla hata sijapanda ndege.

Kwanza jua unaomba nini maana watu wanachanganya sana. Kuna digrii mbili kamili, moja ya kupiga ala, wenyewe wanaiandika BM (Bachelor of Music), na nyingine ya kawaida, BA (Bachelor of Arts) au BS (Bachelor of Science), unatoka na vyeti viwili na kwa kawaida ni miaka mitano. Halafu kuna BA moja tu yenye masomo makuu mawili, hiyo miaka minne. Kwenye BM karibu theluthi mbili ya masomo ni muziki, kwenye BA ni chini ya nusu. Kama chumba cha mazoezi masaa manne kila siku kinakuchosha ukikifikiria tu, chukua BA, wala si aibu.

Sasa jina la chuo. Mi nilichagua kwa jina, nikaumia. Angalia kwanza konsavatori, yani shule ya muziki ya chuo, iko wapi na madarasa mengine yako wapi. Chuo cha Oberlin na cha Lawrence, kila kimoja konsavatori na madarasa yake viko sehemu moja, unatembea tu. Konsavatori ya Peabody iko chini ya chuo kikuu cha Johns Hopkins tangu 1977 lakini majengo yako mitaa tofauti ya Baltimore, Eastman, ya Chuo Kikuu cha Rochester, nayo iko katikati ya mji wakati kampasi kuu iko kule mtoni, kwa hiyo ni basi, na January ya kule na tarumbeta mgongoni sio mchezo. Chuo cha Bard walianzisha konsavatori yao 2005 kwa mpango wa digrii mbili tangu mwanzo, yani mwalimu hashangai ukimwambia kesho una mtihani wa kemia.

Hapo kwenye mwalimu ndo penyewe. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mpigaji hatari ila kwake mtu mwenye digrii ya pili ni mvivu anayejificha, mwaka wa pili maabara ya fizikia ikagongana na mazoezi ya okestra kila Jumatano, nikaenda kumwomba msaada akanijibu chagua, na muhula uliofuata nikajikuta nimeshushwa tarumbeta ya tatu, nimekaa nahesabu mapumziko kuliko kupiga. Kwa hiyo omba somo moja la majaribio, hata kwa video, halafu muulize una wanafunzi wangapi wenye digrii mbili sasa hivi na wangapi wamemaliza zote. Akianza kuzunguka zunguka umeshajibiwa. Mtafute na mwanafunzi wa mwaka wa tatu akuonyeshe ratiba yake ya wiki, sio ile ya kwenye brosha.

Hela: uliza ufadhili ni mihula minane au kumi! Wangu ulikuwa minane na sikuuliza, mwaka wa tano nikaosha sahani kafeteria masaa 20 kwa wiki, ndo mwisho viza ya mwanafunzi, F-1, inaporuhusu ndani ya kampasi wakati wa masomo. Ila mzee hakukosea sana, maana ukihitimu muziki peke yake kibali cha kufanya kazi, OPT, ni miezi 12, mwenye digrii ya sayansi anaweza kuongezewa 24.

Kwa digrii mbili mara nyingi unaomba pande mbili, konsavatori na chuo chenyewe, na kila upande unaamua kivyake, unaweza kukubaliwa huku ukakataliwa kule, kwa hiyo uliza mapema ikitokea hivyo unaruhusiwa kuomba tena ukiwa ndani au ndo basi. Vyuo vingi vinafunga tarehe 1 December na kabla ya odisheni, yani kupiga mbele ya walimu wakupime, wanataka video. Usirekodi kanisani, mwangwi unameza noti zote. Na mpiga piano wa kukusindikiza kwenye video mtafute mwezi wa nane, mimi wangu nilimpata wiki moja kabla, alikuwa anajua tenzi tu, konseto yangu yote ikaenda mwendo wa ibada ya mazishi.