Kwa Unayeanza Malazan: Weka Daftari la Majina Pembeni

Mara ya kwanza nilifika ukurasa wa 140 nikakiweka chini. Mwaka uliofuata nikaanza upya, nikakwama karibu palepale. Kitabu chenyewe ni Gardens of the Moon, cha kwanza kati ya riwaya kumi za vita na uchawi ziitwazo Malazan Book of the Fallen, kazi ya Mkanada Steven Erikson iliyoanza kutoka mwaka 1999 na kukamilika 2011. Mara ya tatu kikanishika, na sikutoka humo hadi nilipofunga cha kumi. Nakuandikia wewe uliyeazimwa nakala na rafiki anayekisifia usiku na mchana, sasa uko ukurasa wa 60 na unajiuliza kama tatizo ni Kiingereza chako au ni kichwa chako. Si kimoja wala kingine. Kitabu kimeandikwa hivyo kwa makusudi, na kuna namna ya kukiingia.

Mimi nilikosea kwa kukisoma kama riwaya ya mtihani. Shuleni tulifundishwa kuchambua: wahusika hawa, sifa zao hizi, dhamira hii, mandhari ile. Basi nikachukua daftari la kurasa 96, nikachora safu ya jina, safu ya cheo, safu ya "yuko upande gani". Nilipofika kwenye vita vya mji wa Pale, sura ya pili tu, safu zikafurika: Tattersail, Hairlock, Calot, Bellurdan, Nightchill, Tayschrenn, wote wachawi wa jeshi moja, na baadhi yao hawaimalizi sura ile. Safu ya tatu ndiyo iliyonivunja nguvu, maana kila nilichoandika ilibidi nikifute kurasa kumi mbele. Ndani ya dola ya Malazan anayekupa amri huenda ndiye anayetaka ufe, na adui aliye kwenye ngome inayoelea angani huenda ana utu kuliko wakubwa wako.

(Ngome ya kuelea isikusumbue. Sisi tuliosoma Kusadikika ya Shaaban Robert tulishazoea nchi nzima iliyo hewani.)

Mara ya tatu nilijiwekea kanuni moja. Kila sura ikiisha naandika sentensi moja: nani anataka nini, na nani amemzibia njia. Jina likinitoka sirudi nyuma kulitafuta. Naandika "yule mama mnene wa karata", "yule sajini aliyechoka", "yule binti anayewatisha hata wenzake wa kikosi". Ajabu ni kwamba baada ya sura nne au tano majina yalikuja yenyewe, kwa sababu sasa nilikuwa na watu wa kuwavalisha. Nilipokuwa naanza na jina, nilikuwa nahifadhi nguo bila mwili.

Chukulia umeingia msibani kwa watu usiowajua. Hakuna atakayesimama akutajie ukoo mzima. Unapewa nafasi kwenye mkeka, unanyamaza, unasikiliza. Alasiri ikifika unajua nani mkubwa wa boma, nani haongei na nani, na yule mjomba aliyekaa peke yake karibu na mlango kuna jambo. Hukuambiwa hata moja. Umelipata kwa kukaa. Erikson anakukaribisha hivyohivyo. Watu wake wanazungumza mambo yao wanayoyajua tangu zamani, na wewe ndiye uliyechelewa kufika. Mwandishi mwingine angemleta kijana mshamba wa kuuliza maswali ili wewe upate majibu. Huyu halifanyi hilo, na kwenye dibaji ya toleo la baadaye ameeleza kwamba alijua lingewashinda baadhi ya wasomaji.

Ukijua ulimwengu huu ulivyozaliwa utaelewa kwa nini. Mwaka 1982 Erikson na rafiki yake Ian Cameron Esslemont, wote wawili wanaakiolojia, walianza kuubuni kama uwanja wa mchezo wao wa dadu na kuigiza wahusika, ule ambao watu hukaa mezani na kusimuliana visa kwa zamu. Kwa hiyo miji, dola na miungu vilikuwa na historia ya miaka mingi kabla kitabu cha kwanza hakijachapwa. Kisa cha Gardens of the Moon kiliwahi kuandikwa kwanza kama mswada wa filamu, na mbio zake za kurukaruka kutoka mtaa hadi mtaa bado utaziona.

Akiolojia usiipite haraka, ndiyo ufunguo. Aliyetembea kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani anajua: unaokota kigae cha chungu, kina ua la buluu, hujui chungu kilikuwa kikubwa kiasi gani wala nani alikinunua, lakini unajua palikuwa na nyumba, na nyumba ilikuwa na mtu aliyependa kitu kizuri. Erikson anakupa vigae. Mtu anataja kwa mkato vita vya kale kati ya T'lan Imass na Jaghut, kisha mazungumzo yanarudi kwenye mvua. Vitabu viwili mbele unaokota kigae kingine, na kingo zinashikana. T'lan Imass wenyewe ni taifa zima lililokula kiapo cha kutokufa, miaka 300,000 iliyopita, ili waendelee kuwawinda Jaghut, adui zao. Utakapofika kitabu cha tatu, Memories of Ice, na kuona kiapo kile kimewagharimu nini, utafurahi kwamba hukuelezwa mapema. Maelezo ya ukurasa mmoja yasingekuuma.

Kuhusu Kiingereza, nikuambie kisa cha neno moja. Uchawi wote wa humo unapita kwenye vitu vinavyoitwa "warren". Siku ya kwanza nilifungua kamusi nikakuta ni mashimo ya sungura. Nikafunga kamusi kwa hasira nikijua nimepotezwa. Baadaye sana, nikisoma jinsi mchawi anavyofungua njia yake, anachota nguvu humo, na akibanwa anaingia mwenyewe na kutokea upande mwingine, ndipo nikawaza upya: mashimo ya sungura huonekana kama matundu mengi juu ya ardhi, lakini chini yameungana, na mwenye miguu myepesi huingia hapa akatokea kule. Neno lilikuwa limenieleza kila kitu tangu mwanzo. Kamusi itumie kwa maneno ya namna hiyo, yanayorudi kila mara. Maneno ya mavazi, sehemu za farasi na aina za mawe yaache yapite, hayatakuzuia.

Mwanzoni mwa kila kitabu kuna ramani na orodha ya wahusika, na mwishoni mwa baadhi yake kuna faharasa. Kama unasoma kwenye simu, piga picha ya skrini ya orodha ile kabla hujaanza, maana kurudi nyuma kila dakika kunachosha na utaacha. Lakini jina usilitafute mtandaoni. Mimi niliwahi kuandika jina la askari mmoja niliyempenda ili tu nijue linavyotamkwa, na mstari wa kwanza uliojitokeza ulinieleza alivyokufa na nani aliyemuua. Nilikuwa kitabu cha pili. Jambo lile lilinikaa kifuani kwa mwezi, na kifo chenyewe kilipofika nilikuwa nimeshanyang'anywa.

Mashairi na dondoo zinazofungua sura pia usiziruke. Msomaji wa tenzi hahitaji kuhimizwa hapa, anajua kwamba beti za mwanzo zina kazi. Dondoo hizi zimeandikwa na watu wa ulimwengu uleule: wanahistoria wa dola, washairi, wazee wenye kinyongo. Wengine wanasema uongo, wengine wanakosea, na utalijua hilo kwa kulinganisha na ulichokiona kwa macho yako ndani ya sura.

Sasa nikuonye kuhusu mahali ambapo watu huanguka. Ukishawazoea wa kitabu cha kwanza, cha pili, Deadhouse Gates, kinakuhamisha bara, ukiwa na wachache tu unaowajua. Cha tatu kinarudi kwa wale wa mwanzo, na matukio yake yanakwenda sambamba na ya cha pili. Cha nne kinaanza na mtu mmoja, Karsa Orlong, na kinakaa naye peke yake kwa karibu robo ya kitabu. Ni mkatili, anafanya mambo ya kuchukiza, na huruhusiwi kumkimbia. Cha tano kinakwenda nchi mpya kabisa, kabla ya matukio mengi uliyokwisha kuyasoma, na humo utamfahamu mtu mmoja tu. Wengi hufunga hapo. Usifunge. Soma kurasa 100 za kila kitabu kama mgeni upya, na ujue kwamba ile ndiyo ada ya kiingilio. Cha nane ni cha polepole na cha majonzi, nakipenda kuliko vyote ila sikushauri ukisome ukiwa na haraka. Cha tisa na cha kumi ni hadithi moja iliyokatwa katikati, usianze cha tisa kama cha kumi hakimo ndani ya nyumba. Riwaya za Esslemont za ulimwengu huohuo zinaweza kusubiri.

Na kuna ukatili wa kweli: ubakaji, mateso, watoto kuuawa. Ukifika mahali moyo unakataa, ruka kurasa. Niliziruka kadhaa kwenye cha tisa na sijarudi kuzisoma.

Ukiweza, soma na wenzako. Sisi tulikuwa watatu, kundi dogo la WhatsApp, na sharti letu lilikuwa hakuna kuzungumzia chochote kilicho mbele ya aliye nyuma zaidi. Ndiko nilikojifunza kusoma Deadhouse Gates. Humo kuna jemadari anayeitwa Coltaine, anayewaongoza wakimbizi maelfu kwa maelfu kutoka Hissar hadi Aren, jeshi lake likipungua kila siku huku likiwakinga. Mimi nilikuwa nafuatilia mapigano, nani kapanga kikosi wapi. Mwenzetu mmoja aliyekulia Ngara, ambaye akiwa mtoto mwaka 1994 aliwaona Wanyarwanda wakimiminika kuvuka mpaka, alinyamaza siku kadhaa kisha akatuma ujumbe wa sauti. Hakutaja pigano hata moja. Alizungumzia maji: kiu, watu wanavyogeuka kwa sababu ya maji, na wenye vyeo wanaotaka waendelee kuhudumiwa hata njiani. Alisema huyu mzungu ameona. Nilirudi mwanzo wa safari ile nikaisoma tena nikiangalia maji tu, na kilikuwa kitabu kingine.

Msimulizi wa safari ile ni Duiker, mwanahistoria wa dola, askari wa zamani aliyekwisha kuzeeka. Katikati ya mateso anakutana na askari mwanamke wa kikosi cha wanamaji, wanakuwa karibu, wanafarijiana kadiri watu wanavyoweza kufarijiana wakijua kesho haijulikani. Sisi wasomaji hatuambiwi jina lake. Katika mfululizo wenye mamia ya majina, yenye vyeo na nasaba na lakabu, yule ninayemkumbuka kuliko wengi hakuwemo kwenye daftari langu na asingeweza kuwemo. Nadhani Erikson alikuwa anatuonyesha kazi yote ni ya nini. Historia ya dola itamtaja Coltaine. Nani atamtaja huyu? Swali hilo linakua kitabu baada ya kitabu, na mwishoni linabebwa na jeshi zima linaloingia vitani likijua kwamba hakuna wa kuwashuhudia.

Nilipomaliza cha kumi nilipumzika wiki mbili, kisha nikafungua ukurasa wa kwanza kabisa, ule ulionishinda mara mbili. Kuna kibati kikuukuu cha kuonyesha upepo juu ya ukuta wa ngome, kimejaa madoa ya kutu. Chini mtaa mmoja unaungua, moshi unafika hadi juu. Mtoto wa familia ya kitajiri amesimama pale na askari mzoefu, anamwambia kwamba siku moja naye atakuwa askari. Yule mtu anamjibu kwamba upanga hushikwa na aliyekosa kila kitu kingine, atafute ndoto iliyo bora. Kisha anatokea mwanamke, na baada ya maneno machache anawaambia kwamba siku hizi ana jina jipya.

Mara ya kwanza nilikuwa nimeandika majina yao kwenye safu na kuendelea. Safari hii nilijua mtoto yule atafika wapi, na askari yule atafia wapi, na jina lile jipya litaugharimu nini kila mji uliomo kwenye ramani. Ni kurasa chache tu. Nilizisoma kwa saa nzima, na daftari lilikuwa kabatini.