Wageni wa mkutano wa kimataifa usharikani: waacheni waone Jumapili yenu ya kawaida

Bwana asifiwe wapendwa. Nimeona mdau anasema usharika wao hapa Dar umepangiwa wageni wa mkutano wa kimataifa wa makanisa, na kamati inataka kukodi kikundi cha ngoma alafu ibada ifupishwe iwe lisaa limoja ili wasichoke.

Mi nipo kamati ya mapokezi usharikani kwetu, KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na Machi 2018 nilikuwa Arusha kwenye mkutano wa umisheni wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, nikisaidia ukalimani. Kikundi cha kukodi achaneni nacho. Hawa watu wanashinda ukumbini wanasikiliza mada, ngoma wameshachezewa siku ya ufunguzi, sasa Jumapili ndo nafasi yao ya kuona nyie mnasalije mkiwa wenyewe. Kwaya zote ziimbe, kama ni masaa matatu ni masaa matatu, muwakalishe tu upande wa feni na maji yawe karibu.

Alafu msiwapange wote mbele kama waheshimiwa, watawanyeni kwenye mabenchi, kila mmoja na kijana wa kumnong'oneza. Chagueni nyimbo za kitabuni zenye tuni ya Kijerumani, Mlutheri wa Ulaya ataimba kwa lugha yake nyie kwa Kiswahili na mkalimani apumzike kidogo. Kama siku hiyo kuna Chakula cha Bwana, Mkatoliki au Mwothodoksi akibaki amekaa msimshangae wala kumvuta mkono.

Ila kinachowashika kuliko vyote ni mnada wa nje baada ya ibada, ule wa kunadi sadaka za mazao na mifugo, msije mkauondoa eti aibu! Kwetu mama mmoja Mfini alinunua jogoo, tukamwambia unaweza kumrudisha anadiwe tena, akamrudisha, jogoo akauzwa upya na aliyemnunua akamzawadia yule yule mama, basi anauliza sasa huyu ni wa kwangu au wa kanisa? Watu hoi kwa kucheka. Jogoo alibaki kwa mwenyeji wake maana hotelini angempeleka wapi.

Chakula pikeni cha kwenu. Kwetu alichinja jirani Mwislamu, si unajua mitaa yetu, ili kila mtu ale, na wake wa majirani walikuwa kwenye masufuria ya pilau na mama zetu toka alfajiri. Aisee wageni waliuliza maswali mengi pale jikoni kuliko kanisani, maana wengine kwao habari za Wakristo na Waislamu wanazisikia kukiwa na ugomvi tu.

Hotuba ziwe fupi. Mkitaka historia apewe mzee dakika 5 aseme habari ya 1977, Fungamano la Kilutheri Duniani lilipofanya mkutano mkuu hapa hapa Dar, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa rais, Mwafrika wa kwanza, na mkutano ukatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la imani yenyewe. Vijana wetu wenyewe wengi hawalijui hilo.

Zawadi khanga inatosha kabisa. Vinyago vikubwa vya mpingo vinaishia mapokezi hotelini, ndege zina kilo zake, na hela hiyo bora muongezee nyama kwenye pilau.