Kiraka kikikaa vizuri kwenye kerneli ya zamani, bado usikiamini

Unaposhusha kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, kutoka kerneli mpya ya Linux (kiini cha mfumo) kwenda ya zamani, anza na tawi kuu, msimbo wa toleo jipya linaloendelea kuandikwa. Katika Linux, kiraka hakipokelewi kwenye matoleo thabiti, yale ya zamani yanayoendelea kurekebishwa, mpaka kiwe kimeshaingia kwenye mti wa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ambao ndio tawi kuu, na utaratibu huu una maana: ukitibu 6.1 ukaiacha 6.12, mtumiaji akipandisha toleo anakutana tena na hitilafu ile ile. Rekebisha juu, kisha shuka ngazi kwa ngazi: 6.12, 6.6, 6.1, 5.15.

Kabla ya kushuka, jua hitilafu iliingia lini. Kwa `git bisect`, inayogawa historia nusu kwa nusu kutafuta badiliko lililoleta kosa, komiti (mabadiliko yaliyorekodiwa) 1,000 zinakwisha kwa kujenga na kujaribu kerneli kama mara 10. Komiti yenye kosa iandike kwenye mstari wa `Fixes:`, herufi 12 za mwanzo za namba yake, kisha kichwa chake. Hata `git describe --contains`, inayotaja toleo la kwanza lenye komiti hiyo, ikikuonyesha kuwa kosa lilianza v5.16, usiiache 5.15 hivi hivi. Huenda komiti hiyo nayo ilishateremshwa huko. Fungua `linux-5.15.y`, tawi la toleo thabiti la 5.15, na uitafute namba kwa `git log --grep`, kwa kuwa viraka vya matoleo thabiti hutaja namba ya komiti ya asili.

Sasa nakili kiraka kwenye tawi la zamani kwa `git cherry-pick -x`. Migongano isikutishe. Tangu 6.4, `class_create`, mojawapo ya amri za ndani za kerneli, inapokea kigezo kimoja badala ya viwili. Ukiipeleka hivyo kwenye 6.1, kompaila (programu inayojenga kerneli kutoka kwenye msimbo) inagoma papo hapo na unajua pa kushika. Kinachoumiza ni kiraka kinachojengwa bila hata onyo moja.

Chukua dereva (msimbo unaoendesha kifaa) ambayo kwenye tawi kuu inafunga kufuli, linalozuia michakato miwili kugusa data ile ile kwa pamoja, kwa `guard(mutex)`. Kiraka kinaongeza ukaguzi wa urefu wa data na `return -EINVAL`, yaani kutoka na kosa. Huko ni sahihi kabisa, kwani kufuli hufunguka lenyewe kazi (function, kipande cha msimbo chenye jina) inapomalizika. Kwenye 6.1 dereva hiyo hiyo inatumia `mutex_lock`, na njia zote za makosa hupitia `goto out_unlock`, mahali pa kulifungua. `return` yako inaondoka na kufuli likiwa limefungwa. Mchakato unaofuata unakwama katika hali ya D (unasubiri na hauwezi kukatizwa), na baada ya sekunde 120 logi inaanza kulalamika, mbali na mstari uliougusa. Basi fungua kazi nzima kwenye toleo la zamani, uisome toka mwanzo hadi mwisho, si mistari ya kiraka peke yake.

Jaribu ukiwa umewasha `CONFIG_PROVE_LOCKING`, inayokagua matumizi ya kufuli, na KASAN, inayogundua makosa ya kumbukumbu, na uhakikishe data mbovu inafika kwenye ukaguzi mpya. Njia ya msimbo isiyopitiwa haijapimwa.

Kiraka kikitegemea komiti nyingine ndogo, ni heri kuileta nayo kuliko kuandika upya. Msimbo ukifanana na wa juu, viraka vijavyo vitakaa kirahisi. Ulichobadilisha kitaje kwenye maelezo, juu ya mstari wa sahihi yako. Kisha rudi tawi kuu utafute `Fixes:` inayotaja kiraka chenyewe. Ikiwepo, vishushe vyote viwili pamoja.