Mailer-Daemon si jini

Wiki iliyopita niliamka nikakuta ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa kijana mmoja wa Arua. Naunakili kama ulivyo: "Mwalimu, habari za siku. Nimeomba kazi mara nne kwa barua pepe na hakuna anayenijibu. Kila nikituma tu, naandikiwa na mtu anaitwa Mailer-Daemon. Simjui. Namfuta bila kumsoma. Mama anasema hapa kuna mkono wa mtu."

Nilicheka hadi chai ikamwagika. Kisha nikanyamaza, kwa maana mimi mwenyewe nimewahi kuona mkono wa mtu pasipokuwa na mtu, na mimi sina hata kisingizio cha ujana.

Nimalizane na kijana kwanza. Huyo Mailer-Daemon si jini wala shetani. Ni jina la programu inayofanya kazi chinichini kwenye seva za barua pepe. Barua ikishindwa kufika, yeye ndiye tarishi anayekurudishia na kukueleza ilikwama wapi. Nikamwomba anipigie picha ya barua moja aliyokuwa hajaifuta. Ndani yake, katikati ya Kiingereza kingi, palikuwa na tarakimu 550 5.1.1. Hiyo maana yake ni moja: huko ulikotuma hakuna kisanduku chenye jina hilo. Tangazo la kazi alilipiga picha ukutani, na penye tarakimu 1 yeye akasoma herufi l. Mara nne. Dakika mbili tukawa tumemaliza, akanitumia vijipicha vya kucheka, na mama yake naamini amepumzika.

Yangu haikuwa ya dakika mbili.

Mimi ni mtu wa Busia, Kiswahili chetu ni cha mpakani, cha kubadilisha hela na kugombea mizigo, lakini nilikisoma hadi kikanilisha. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, kazi za tafsiri hapa Kampala zilianza kunitafuta zenyewe. Nina chumba kimoja barabara ya Nasser, katikati ya mashine za kuchapa kadi za harusi na mabango ya kampeni. Kelele tupu, lakini kodi nafuu. Nikaona mtu mwenye ofisi hawezi kuendelea na anwani ya bure kama mwanafunzi. Nikanunua jina langu la mtandaoni linaloishia na .co.ug, nikatengeneza na kadi. Nilizigawa hadi msibani.

Mwaka 2023 nikapata mteja wa Arusha. Kazi ya kwanza: mwongozo wa wakulima wa kahawa, kurasa 84. Sijisifu, ila ile tafsiri ilikuwa safi. Nilikesha nikitafuta neno la kila ugonjwa wa mbuni, nikampigia simu hadi mjomba wangu mwenye shamba Bugisu. Wakalipa vizuri, wakasema kuna sehemu ya pili na ya tatu.

Katikati ya furaha hiyo nikafanya jambo la kibahili. Nikahamisha tovuti na barua pepe zangu kutoka kampuni moja kwenda nyingine iliyokuwa na bei ya chini. Nilifanya mwenyewe usiku, nikifuata video. Asubuhi nikajaribu kutuma barua kwa mke wangu, ikafika, nikajipongeza kwa rolex, ile chapati yetu ya kukunjwa, ya mayai matatu.

Nikatuma sampuli ya sehemu ya pili, pamoja na ankara. Siku tatu kimya. Wiki kimya. Siku ya tisa nikatuma nyingine, kichwa cha barua nimekiandika kwa herufi kubwa zote: KUMBUSHO LA MWISHO. Kimya. Hapo moyo ukaanza kunisimulia hadithi. Wamenichukua maneno yangu na kumpa Mtanzania. Wanaona Mganda hawezi kuwafundisha Kiswahili. Kila Mganda anayeandika Kiswahili anaijua hiyo sauti, msinikane.

Usiku wa siku ya kumi na mbili nikamwandikia yule mhariri kwenye simu yake. Sitarudia niliyoyaandika. Yalikuwa na neno "wizi" ndani yake.

Akajibu asubuhi, kwa adabu iliyonichoma kuliko tusi: "Pole mwalimu. Hatujapokea barua yako yoyote tangu mwezi uliopita. Sisi tumekuandikia mara mbili kuulizia kazi, hukujibu, tukadhani umetukimbia. Sehemu ya pili tumeshampa mtu mwingine. Tunakutakia kila la heri."

Mara mbili! Wao wameniandikia mara mbili, mimi nimewaandikia mara mbili, na barua zote nne hazikuonana na mwenyewe.

Nikamwita fundi, kijana wa Wandegeya mwenye miaka labda ishirini na mbili. Hakuuliza mengi. Akaniambia, "Mzee, nitumie barua mimi kwenye Gmail." Nikatuma. Akafungua folda ya barua taka, nayo ikawa imelala humo, pembeni ya matangazo ya dawa za nguvu. Akafungua sehemu ya kuonyesha barua asili, ile isiyofunguliwa na mtu yeyote mwenye shughuli zake, akaniwekea kidole kwenye mstari wa SPF. Hitilafu.

SPF ni tangazo unaloliweka kwenye rekodi za DNS za jina lako, yaani daftari la mtandaoni linaloelekeza jina hilo liko kwenye seva gani, na linasema ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma barua kwa jina hilo. Seva ya mpokeaji inalisoma kabla ya kuamini barua. Mimi nilikuwa na mawili: la kampuni ya zamani, ambalo sikulifuta, na la kampuni mpya. Kanuni inataka moja tu. Yakiwa mawili hesabu inavunjika, mpokeaji hajui amwamini nani, na mwenye tahadhari anakutupa takani. Mke wangu barua ilimfikia kwa sababu tumeandikiana miaka na anwani yangu iko kwenye orodha ya watu wake. Kwa hiyo jaribio langu la asubuhi halikuwa jaribio. Na zile herufi kubwa za KUMBUSHO LA MWISHO, fundi alisema, zilikuwa kama kumpelekea askari wa getini panga mkononi.

Akafuta rekodi moja, akawasha na DKIM, ambayo ni sahihi inayobandikwa kwenye kila barua ili mpokeaji ahakikishe haikughushiwa njiani. Tukasubiri saa nne mabadiliko yaenee. Haya mambo yamezidi kukaza siku hizi: tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila mtumaji awe na angalau moja kati ya hizo mbili, na wanaotuma kwa wingi, zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail, wawe nazo zote pamoja na DMARC, tangazo linalomwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa vipimo hivyo. Ukiwa na jina lako mwenyewe na hujui kama unazo, basi huna. Kaangalie leo.

Sasa zile barua mbili za kwao zilikwenda wapi? Hapa ndipo aibu yenyewe ilipo.

Kwa miezi nilikuwa nimeona kwamba barua zinazonifikia kwenye simu ni za usiku tu. Za mchana hakuna. Nikadhani biashara imepungua. Nikawa hata nimeanza kusali juu yake. Fundi akauliza, "Kuna kompyuta nyingine yenye anwani hii?" Nikasema hapana. Kisha nikakumbuka. Kompyuta yangu ya zamani nilimwachia shemeji, anachapia watu barua za maombi na risala, chumba cha chini kabisa cha jengo lilelile. Tukashuka. Programu ya barua pepe ilikuwa imefunguka pembeni, shemeji hajawahi hata kuigusa. Ilikuwa imewekwa kwa POP, na POP kwa mpangilio ule inachukua barua kutoka kwenye seva, inaihifadhi kwenye kompyuta hiyo, na kuifuta kule. Kila asubuhi shemeji akiwasha mashine, inameza barua zangu zote hadi anapofunga jioni. Barua 317 zilikuwa mle. Mbili za Arusha. Moja ya chuo kimoja iliyoniomba nifundishe muhula mzima, muhula ambao ulikuwa umekwisha.

"Shemeji, mimi nilidhani hizo ni za matangazo," akasema. Sikuwa na la kumwambia. Nilimnunulia soda.

Tukaifuta anwani kwenye mashine ile na kuweka simu yangu na kompyuta mpya kwa IMAP, mlango (port) 993, ambapo barua zinabaki kwenye seva na kila kifaa kinaona kitu kilekile. Fundi akachukua shilingi 50,000. Nilikuwa tayari kumpa hata mara kumi ya hizo.

Tangu siku hiyo nimekuwa kero kwa watu. Mtu akiniambia "nilituma hawakujibu", namuuliza: imerudi? Umeisoma iliporudi? Tarakimu ikianza na 5, mlango umefungwa, rekebisha kosa. Ikianza na 4 tulia, seva itajaribu tena yenyewe, mara nyingine hadi siku nne au tano. Umeangalia folda ya zilizotumwa, au barua bado imekwama kwenye zinazosubiri kutoka? Hili nalo lilinikuta Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchini usiku wa kuamkia uchaguzi. Nilibonyeza kutuma, nikaondoka nikiwa na amani, na barua ikatoka siku tano baadaye, mwenye haraka ameshapata mtu mwingine. Kubonyeza si kutuma, ndugu zangu.

Na nafasi? Gmail inakupa GB 15, lakini hizo unagawana na picha zako na mafaili yako ya Drive. Ukijaza video za kwanjula (sherehe ya utambulisho wa wachumba) ya binamu, anayekuandikia kuhusu kazi anarudishiwa barua yake. Viambatisho nao: kikomo cha Gmail ni MB 25, ila faili likifungwa kwa safari ya barua pepe linanenepa kwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo la MB 20 linafika kwenye 27. Vyeti vya kidato cha sita havihitaji kupigwa picha kama bango la barabarani. Vipunguze.

Mwingine alinilalamikia kwamba programu inakataa kuunganishwa kabisa, inasema cheti cha seva, yaani kitambulisho chake, si halali. Betri ndogo ya saa ndani ya kompyuta yake ilikuwa imekufa, umeme ukikatika mashine inarudi mwaka 2009. Cheti kilichotolewa juzi kitakubalikaje mwaka 2009? Tarehe ikarekebishwa, barua zikaingia.

Lakini nikisema kweli, hayo ya rekodi na milango fundi yeyote atakufanyia. Ambalo hakuna fundi atakufanyia ni kukunyang'anya simu usiku wa siku ya kumi na mbili. Sisi ni watu wa kuchukua kimya kama dharau. Kwetu mtu akikupita njiani bila salamu ameshakutangazia jambo. Seva haina jambo na wewe. Piga simu, sema "Mama, habari za kazi, sijui kama barua yangu ilifika", sauti yako ikiwa ya kawaida. Neno "wizi" likishatoka halina folda ya kulirudishia.

Mwezi uliopita nilimwandikia yule mhariri wa Arusha. Sikuomba kazi, niliomba radhi, mistari sita. Nilihakikisha SPF na DKIM zimepita. Nilitazama folda ya zilizotumwa. Baada ya wiki nikampigia karani wao, akaangalia, akaniambia ndiyo mwalimu, imo kwenye kikasha chake, na imefunguliwa.

Hajajibu. Safari hii najua imefika.