Muziki wa IST niliofunga mwenyewe: kuhusu ule mluzi na sauti inayopasuka

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una Toyota IST, umenunua amplifaya ya chaneli nne na sabufa ya inchi 10, umefunga mwenyewe uani kwako, na sasa una matatizo mawili: ukikanyaga mafuta kuna mluzi unaopanda pamoja na injini, na ukiongeza sauti kidogo tu inapasuka. Umeambiwa dawa ni amplifaya kubwa zaidi. Nakuomba usinunue kwanza. Nimepita hapohapo, na gari hilohilo, la 2004. Amplifaya niliyonayo leo ni ileile niliyoanza nayo. Kilichobadilika ni waya, sehemu ya kufungia waya wa hasi kwenye bati la gari, milango, na namna ya kupanga geini, kile kirungu cha kuzungusha kwenye amplifaya.

Nianze na umeme, maana huko ndiko wengi tunakobania hela. Seti yangu ya kwanza ya waya niliinunua Kariakoo, imeandikwa geji 4, yaani kipimo cha unene wa waya. Ganda nene kama kidole, lakini siku nilipoukata ule waya nikakuta nyuzi chache, na ukizikwangua kwa kisu zinatoka nyeupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi ya shaba, kwa hiyo unene unaouona kwa nje unakudanganya. Nilipima injini ikiwa inawaka na muziki uko juu: kwenye betri volti 14.1, kwenye amplifaya 11.8. Volti mbili na zaidi zilipotelea njiani. Amplifaya yenye njaa hivyo lazima ipasue sauti, hata ungeweka kubwa kiasi gani, na kubwa ndiyo ingekula zaidi.

Kujua waya unaouhitaji, piga hesabu kwa wati za kweli, zile za RMS ambazo amplifaya inazitoa mfululizo, siyo 3000 zilizochorwa kwenye boksi. Yangu inatoa wati 60 kwa kila mlango wa mbele, na chaneli mbili za nyuma nimeziunganisha kuendesha sabufa kwa wati 180. Jumla 300. Gawanya kwa 13.8, halafu gawanya kwa ufanisi wa amplifaya: 0.8 kama muundo wake ni daraja D, 0.55 hivi kama ni daraja AB. Yangu ni AB, napata ampea 40. Geji 4 ya shaba halisi inatosha na kubaki. Mwambie muuzaji akukatie ncha uikwangue mbele yake kabla hujalipa.

Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nusura niunguze gari. Fundi niliyemlipa mwanzoni aliweka fyuzi kwenye buti, jirani na amplifaya, na waya akaupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini bila mpira. Bati likaula ule waya taratibu. Siku moja kwenye foleni ya Ubungo nikasikia harufu ya plastiki inaungua na moshi unatoka chini ya dashibodi, mwanangu yuko kiti cha nyuma. Fyuzi ya kwenye buti haikukatika, maana umeme haukufika huko, uliishia kwenye bati. Kazi ya fyuzi ile ni kulinda waya, na waya unaanzia kwenye betri. Kama yako iko nyuma, chomoa waya leo na urekebishe kabla hujasoma yanayofuata.

Sasa ule mluzi. Ni alterneta hiyo, na mara nyingi njia yake ni hasi mbovu. Chomoa waya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, kwenye amplifaya, washa injini, sikiliza. Mluzi ukibaki, tatizo liko kwenye amplifaya na hasi yake. Ukiisha, unatokea kwenye redio au kwenye RCA zenyewe. Mimi ulibaki. Hasi ilikuwa imefungwa kwenye bolti ya mkanda wa kiti. Bolti hiyo inakaa juu ya rangi na gundi, haishiki bati vizuri, tena ni kitu cha usalama, si cha kuchezea. Nilitafuta bati tupu pembeni ya tairi la akiba, nikasugua rangi kwa msasa mpaka likang'aa, nikatoboa, nikafunga kwa bolti na nati yenye meno, kisha nikapaka grisi juu ili lisishike kutu. Kabla ya kutoboa, lala chini ya gari uangalie upande wa pili, tangi la mafuta na mabomba yake haviko mbali. Waya wa hasi uwe mfupi na unene uleule wa chanya. Mluzi ulipungua sana siku hiyohiyo. Kiasi kilichobaki kiliisha nilipohamisha RCA upande wa abiria, kwa sababu zilikuwa zimelala pamoja na waya wa betri upande wa dereva. Jaribu pia kuchomoa chaja ya simu, zile za bei rahisi zina kelele yake ambayo watu huifikiria ni ya amplifaya.

Tukija kwenye kupasuka, nitakaa kidogo, kwa sababu geini ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko vyote. Geini siyo sauti. Kazi yake ni kulinganisha nguvu inayotoka kwenye redio na ile amplifaya inayoweza kuipokea. Ukiizungusha mpaka mwisho huongezi wati hata moja, unachofanya ni kuifikisha amplifaya kwenye kikomo ukiwa bado namba 15 ya redio, na hapo mawimbi yanakatwa vichwa. Huo ndio mpasuko unaousikia, na ndio unaounguza koili za spika.

Panga hivi. Pakua mlio wa 50 Hz na wa 400 Hz, uweke kwenye flashi, usitumie Bluetooth. Ekwalaiza yote sifuri, vinyanyua besi vyote uvizime, kwenye redio na kwenye amplifaya. Chomoa spika zote kwenye amplifaya. Geini chini kabisa. Redio iweke robo tatu ya mwisho wake. Kama inaishia 40, basi 30, na hiyo ndiyo itakuwa kikomo chako siku zote. Mita iwe kwenye volti za AC, ncha zake kwenye matundu ya spika. Namba unayoitafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu, yaani ukinzani wa spika. Kwa milango yangu, 60 mara 4 ni 240, kipeuo chake 15.5. Kwa sabufa, 180 mara 4 ni 720, kipeuo chake 26.8. Zungusha geini polepole mpaka mita isome hapo, uache. Sabufa tumia 50 Hz, milango 400 Hz, kwa sababu mita za bei ndogo hazisomi vizuri milio ya juu zaidi ya hapo. Geini yangu iliishia chini ya nusu, nilikuwa nimeiweka mwisho mwezi mzima.

Angalia pia sabufa yako ina koili ngapi. Ikiwa na mbili za omu 4 na umeziunganisha sambamba, umebaki na omu 2, na amplifaya nyingi za chaneli nne zikiunganishwa chaneli mbili hazivumilii chini ya 4. Itazima yenyewe kila ukipandisha sauti. Ziunganishe kwa mfuatano upate 8. Nguvu itapungua, lakini itafanya kazi bila kulalamika.

Milango. Hapa ndipo nilipopata raha ya kweli, na gharama yake ni ndogo. Spika ya mlangoni ikiwa juu ya bati jembamba lenye matundu, upepo wa nyuma unakutana na wa mbele na besi inajiua. Nilifunika matundu na bati kwa karatasi za butili, ile raba nzito inayonata. Ule utepe mweusi wa lami wa kuzibia paa niliujaribu mlango mmoja kwanza: jua la Dar la Januari liliulainisha, ukateleza, na gari likanuka lami wiki nzima. Ile nailoni ya ndani ya mlango irudishe, maji ya mvua yanashukia hapo. Pete ya kushikia spika niliichongesha Keko kwa MDF, ule ubao wa unga wa mbao, ikavimba masika ya kwanza. Ya pili nimekata mwenyewe kwenye kibao cha plastiki cha kukatia nyama, ipo mpaka leo. Teremsha kioo mpaka chini kabla ya kukaza, sumaku isije ikagusa.

Krosova, yaani kigawanyo cha sauti za juu na besi: milango ianze 80 Hz kwenda juu, sabufa 80 Hz kwenda chini. Hapo spika za mlangoni zinaacha kuhangaika na besi ambayo si kazi yake. Kisha kaa kiti chako cha dereva, geuza chanya na hasi za sabufa, sikiliza wimbo uleule, na uache upande ambao besi imejaa zaidi. Redio yako ikiwa na uwezo wa kuchelewesha sauti, pima kwa futi ya fundi kutoka kichwani mpaka kila spika. Kwangu ya kulia ni sentimita 80, ya kushoto 130. Tofauti ni 50, na sauti hutembea sentimita 34 hivi kwa milisekunde, kwa hiyo nimeichelewesha ya kulia milisekunde 1.5. Mwimbaji akatoka mlangoni kwangu akasimama katikati ya dashibodi.

Kwa kujaribu, mimi hutumia dansi la zamani na taarabu. Magitaa mawili au matatu ya dansi unatakiwa uyasikie kila moja na njia yake, na kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, isichanganyike na fidla. Bongo Fleva nyingi za sasa zimerekodiwa kwa sauti kubwa, zinaficha makosa ya upangaji.

Boksi la sabufa sijaligusa kwa sababu hujasema ni la aina gani. Pima urefu, upana na kina kwa ndani, useme kama lina tundu la upepo au limezibwa, na uandike modeli ya sabufa. Nitakupigia hesabu ya lita zake. Pima pia volti kwenye amplifaya muziki ukiwa juu, uniletee namba hiyo kabla ya kufungua kitu kingine chochote.