Filamu Ikiisha, Usiulize Steringi Nani

Usiku tulioangalia Marriage Story tulilala mgongo kwa mgongo. Kabla ya hapo hatukuwa na ugomvi wowote. Tulikaa kwenye kochi tukiwa marafiki, tumejifunika miguu kwa shuka moja, na baada ya saa mbili na ushee tukainuka tukiwa mawakili wa kesi isiyotuhusu.

Kwa asiyeifahamu, ni filamu ya mwaka 2019 ya Noah Baumbach. Charlie ni mwongozaji wa michezo ya jukwaani, Nicole ni mkewe na mwigizaji wake, wana mtoto mmoja wa kiume, na wanaachana. Adam Driver na Scarlett Johansson wanaigiza mpaka unasahau kwamba wanaigiza. Majina hayajaanza hata kupanda vizuri kwenye skrini, mume wangu akasema, "Huyu mwanamke kamwonea mwenzake."

Mimi wakati huo nafuta machozi. Nikakaa wima. "Kamwonea? Hivi tumeangalia filamu moja kweli? Huyo Charlie wako miaka yote hajawahi kumuuliza mkewe anataka nini."

"Amemuuliza."

"Wapi?"

Hakukumbuka wapi, akahamia kwa wakili wa Nicole. Nikamfuata hukohuko kwa wakili. Haikupita robo saa, Charlie na Nicole hawatajwi tena, zimebaki "wewe" na "mimi". Akafukua jambo la miaka mitatu nyuma. Nami sikukosa langu la miaka minne.

Nimeanza na hilo ili ujue kwamba ninayoyasema hapa sikuyapata kwa busara. Niliyapata kwa kununiwa siku tatu.

Baadaye ndipo nilipogundua kwamba tulikuwa tunaangalia drama kwa macho ya filamu za mapigano. Unajua ilivyo: mtu akikuta filamu iko katikati, kabla hajakaa anauliza, "Steringi nani?" Akishaonyeshwa, basi, ameielewa yote. Anajua amshangilie nani, anajua adui ni yupi, na anajua steringi hafi. Drama nzuri inakunyima raha hiyo. Kila mhusika ana haki yake kidogo na kosa lake kidogo, na mtazamaji aliyezoea kupewa adui atajitengenezea wake. Sasa ukiangalia na mwenzi wako, mwamba ngoma huvutia kwake. Mume wangu alimpa usteringi mwanamume mwenzake, mimi nikampa mwanamke mwenzangu, na adui akawa yule aliyekaa upande wa pili wa kochi.

Kwa hiyo swali la nani mkosaji tumelifuta kwetu. Hata "umeipenda?" tumelipunguza, maana linadai hukumu kabla mtu hajajua amehisi nini. Marekani kulikuwa na wahakiki wawili, Gene Siskel na Roger Ebert, waliojulikana kwa kuhukumu filamu kwenye televisheni kwa kidole gumba, juu au chini. Walitoka magazeti mawili yanayoshindana ya Chicago, na watu walipenda kuwaona wakibishana. Lakini wale, kipindi kikiisha, kila mtu alikwenda kulala kwake.

Sisi tunaanza na kitu tulichokiona. Nasema kitu, siyo maoni. Siku ya nne, kununa kulipotuchosha, mume wangu aliniuliza wakati nakunja nguo, "Hivi wewe ni wapi hasa palipokuliza?" Nikamwambia: kamba ya kiatu. Mwishoni kabisa wameshaachana, Charlie amembeba mtoto aliyelala anaelekea kwenye gari, na Nicole anamwona kamba ya kiatu imefunguka. Anamkimbilia, anainama, anamfungia, anaondoka. Hakuna hotuba. Nikasema, pale niliona kwamba mtu anaweza kushindwa kuishi na wewe na bado asipende ujikwae.

Akanyamaza kidogo, akasema yeye alilizwa na barua. Mwanzoni mwa filamu kila mmoja ameandika anachokipenda kwa mwenzake, na mbele ya msuluhishi Nicole anakataa kuisoma yake. Charlie anakuja kuisikia mwisho, pale mtoto anapoisoma kwa kudonoadonoa maneno na baba yake anaipokea na kuendelea nayo huku sauti inamkatika. "Aliandikwa vizuri vile," mume wangu akasema, "halafu akaja kujua wakati haimsaidii tena."

Nilishika shati lake mkononi nikiwa sijui nilikunje au niliache. Kwa sababu mimi ni mtu wa kumsifia mume wangu kwa dada zangu, kwa rafiki zangu, kwa mtu yeyote anayenisikiliza, isipokuwa yeye mwenyewe. Usiku ule alipomtetea Charlie alikuwa anasema jambo hilohilo, ila mimi nilisikia anawashambulia wanawake.

Hapo ndipo penye uzito, kwa maoni yangu. Watu husema msiingize ndoa yenu kwenye filamu. Haiwezekani, na wala haifai. Kosa letu halikuwa kujizungumzia. Kosa lilikuwa kujizungumzia tukiwa tumejificha nyuma ya Charlie na Nicole, kila mmoja anarusha jiwe na kusingizia ni la mhusika.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, ulioongozwa na mwanasaikolojia Ronald Rogge, ambao nimeshawahubiria watu wengi mpaka wamenichoka. Walifuatilia wanandoa wapya, jozi 174, kwa miaka mitatu. Baadhi waliingizwa kwenye mafunzo ya ndoa yanayosimamiwa na wataalamu. Wengine waliambiwa waangalie filamu tano zinazohusu wapenzi na wanandoa katika muda wa mwezi mmoja, na baada ya kila filamu wakae wajadili kwa kufuata maswali waliyopewa: hawa wanagombana vipi, sisi je, tunafanana nao wapi, tunatofautiana wapi. Kwa wale ambao hawakupewa chochote, asilimia 24 walikuwa wametengana au kutalikiana. Kwa waliopitia programu, ile ya filamu ikiwemo, ilikuwa asilimia 11. Sitaki mtu akimbie na tarakimu hizo akidhani filamu ni dawa ya ndoa. Ninachokipenda ni kwamba maswali yale yalikuwa wazi. Ukiulizwa "sisi je," unajua unaulizwa wewe.

Jambo la pili tulilojifunza lilitokana na Anatomy of a Fall, filamu ya Kifaransa ya Justine Triet iliyopata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2023. Mume amekutwa amekufa chini ya nyumba yao milimani, haijulikani alianguka, alijirusha au alisukumwa, na mke anashtakiwa. Nikaona hii itatumaliza. Tukakubaliana kabla ya kuanza: kila mmoja atamtetea yule ambaye moyo wake haumtaki. Yeye amtetee Sandra, mke. Mimi nimtetee Samuel, marehemu.

Haikuwa rahisi. Samuel ni mtu wa kulalamika, na mimi walalamishi wananichosha. Lakini kuna ugomvi wao ambao Samuel aliurekodi kwa siri siku moja kabla ya kifo, unasikilizwa mahakamani. Kwa kuwa nilikuwa wakili wake, nilisikiliza kwa makini kuliko ambavyo ningesikiliza. Analia kwamba hana muda wa kuandika. Yeye ndiye anayemfundisha mtoto nyumbani, mtoto ambaye haoni vizuri tangu ajali. Hata lugha si yake: yeye Mfaransa, mkewe Mjerumani, nyumbani wanaongea Kiingereza. Mkewe anasema Kiingereza ni katikati, hakuna aliyeko kwake. Mume wangu, kwa kazi yake ya kumtetea Sandra, akasema mwanamke yule naye amehamia mlimani kwao mume, kwa watu wa mume, na hakuwa amepataka. Tukajikuta kila mmoja anamjengea mwenzake hoja, na mimi nikamwonea huruma mtu ambaye nisingemvumilia kwa chai moja.

Halafu kuna ujanja wa mwongozaji ambao mume wangu aliuona na mimi sikuuona. Ugomvi ule tunaoneshwa kwa picha, tuko nao chumbani kabisa, mpaka unapofika kwenye kupigana. Hapo picha inakatwa, tunarudishwa mahakamani, tunabaki na sauti tu. Kwa hiyo wewe mtazamaji unajaza mwenyewe nani kampiga nani. Mimi nilikuwa naapa nimeona. Sikuona, nilisikia. Rudi uangalie. Muswada wa filamu hiyo, uliopata Oscar mwaka 2024, Triet aliuandika na mwenzi wake Arthur Harari. Watu wawili wanaoishi pamoja wamekaa kutunga ugomvi wa watu wawili wanaoishi pamoja. Ningelipa nauli yoyote kuwasikiliza siku hiyo.

Sasa nikuambie kosa langu mimi, maana mpaka hapa nimejipendelea. Past Lives ya Celine Song, ya mwaka 2023. Nora aliondoka Korea akiwa mtoto, ameolewa New York na Arthur, na kijana aliyempenda utotoni anakuja kumtembelea. Kuna mahali wako kitandani, Arthur anamwambia mkewe kwamba usingizini huwa anaongea Kikorea tu, kwamba anaota kwa lugha ambayo yeye haielewi. Nikasikia pembeni yangu mtu anavuta kamasi. Nikageuka, mume wangu machozi yanamtoka. Nikacheka. Sikumcheka kwa ubaya, ni kicheko cha mshangao tu. Lakini nilicheka.

Alichukua rimoti akaongeza sauti. Ilipoisha akasema "nzuri," akaenda kulala. Kwa karibu mwezi mzima kila filamu ilikuwa "nzuri." Kama umeshawahi kuishi na mtu anayesema "nzuri" kwa kila kitu, unajua afadhali ugomvi. Mtu akilia kwenye filamu, muache alie. Usimwangalie, usimpe pole kama aliyefiwa, na kwa chochote kile usicheke. Kama mnajuana, sogeza mguu uguse wa kwake, inatosha.

Mambo madogo nitayapitia haraka. Msisome maoni ya watu mtandaoni kabla hamjaongea ninyi, mtaishia kubishana kwa midomo ya watu. Asiye mwepesi wa kusema aanze, vinginevyo mwepesi atamaliza yote na mwingine atabaki kuitikia. Kwetu mwepesi ni yeye, mimi hutafuna mpaka kesho yake, ndiyo maana siku hizi filamu nzito tunaiongelea asubuhi. Na si kila filamu ni ya usiku huu. Tuliiweka Amour ya Michael Haneke, ya wazee wawili na mke aliyepigwa na kiharusi, wakati mama mkwe wangu yuko hospitali. Hatukufika hata nusu. Tuliizima bila kusemezana, na hakuna aliyemlaumu aliyeichagua. (Niliichagua mimi.)

Ya mwisho tuliyoangalia ni ya zamani kidogo, A Separation ya Asghar Farhadi, ya Iran, mwaka 2011. Inaanza mke na mume wamekaa mbele ya hakimu, wanatutazama sisi kana kwamba hakimu ni sisi. Mke anataka wahame nchi kwa ajili ya binti yao. Mume hataki kumwacha baba yake, mzee ambaye kumbukumbu zimempotea. Mke anauliza, yeye anajua hata kama wewe ni mwanawe? Mume anajibu, mimi najua kwamba yeye ni baba yangu. Nilimwangalia mume wangu kwa pembe ya jicho. Alikuwa anauma kucha.

Farhadi hamwonei mtu yeyote mle ndani, na ndicho kinachochosha. Kila unapotaka kumshika mmoja umtupie lawama, anakuonyesha kwa nini alifanya alichofanya. Mwishoni binti, Termeh, anaulizwa na hakimu achague ataishi na nani. Anasema ameshaamua, lakini hawezi kusema mbele ya wazazi wake. Wanatolewa nje. Wanakaa kwenye korido, kila mmoja upande wake, kioo katikati yao, watu wanapita, na majina yanaanza kupanda huku wao bado wanangoja.

Nasi tukakaa. Hakuna aliyenyanyua rimoti. Zamani ningesema binti kamchagua mama, yeye angesema baba, na usiku ungekuwa umeharibika. Majina yalipoisha, mume wangu akaniuliza, "Ungekuwa wewe ndiye yule mtoto, ungesema nini?"

Nikamwambia sijui. Akasema yeye anajua, akaenda kuzima taa. Hiyo ni Jumamosi iliyopita. Bado sijamuuliza.