Camel si ngamia: kwa baiskeli hadi Padstow

Tuanze na jina, maana ndugu zangu Tanga walinicheka: Camel Trail haina ngamia hata mmoja. Camel ni mto wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, na njia inaufuata kutoka Wenford, ukingoni mwa nyika ya Bodmin, hadi bandari ya Padstow. Ni kama kilomita 29. Zamani ilikuwa reli. Sehemu ya Bodmin na Wadebridge ilifunguliwa 1834, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwapandishia wakulima mchanga wa pwani, wautie shambani kupunguza ukali wa udongo. Abiria waliacha kupanda treni Padstow 1967. Mataruma yaling'olewa, leo wanapita waendesha baiskeli, mbwa na vigari vya watoto.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilikodi baiskeli Wadebridge, kama wafanyavyo wengi, nikaenda Padstow na kurudi. Kilomita 9 kwenda, watu tele, kidole gumba hakikutoka kwenye kengele. Anzia juu, Wenford. Huko ni msitu mtupu, mto unausikia kabla hujauona.

Ukikodi, kalia siti, unyooshe mguu: kisigino kiguse pedali iliyo chini. Kijana aliyenikabidhi baiskeli aliacha siti chini mno, nami nikaona haya kurudi kumwambia. Magoti yalinisema siku tatu.

Wadebridge njia inakatika. Unapita mitaani kabla ya kuikuta tena. Halafu mto unafunguka, na hapo ndipo mtu wa pwani anajisikia nyumbani. Angalia mapema saa za maji. Wengi husifia maji yakijaa, mimi nasema nenda yakipwa: mafungu ya mchanga yanatokeza, yangeyange wanadokoa topeni, na ukisimama kwenye daraja la chuma karibu na Padstow unaona mifereji ya maji inavyojipinda chini yako. Ila ni peupe. Upepo ukitoka baharini ni wa omo kabisa, basi shusha gia, usishindane nao.

Padstow haina treni tena, kwa hiyo ulikotoka ndiko utakakorudi. Watu watakwambia njia ya reli haina mlima. Kweli, treni haziwezi mlima mkali. Lakini mteremko ambao asubuhi hukuuona, jioni utaujua. Nikirudi, nilipoipita Wadebridge, baiskeli ikawa nzito, nikajua tairi linavuja. Nikashuka, nikalibonyeza: gumu kama jiwe. Kilichoisha upepo ni mimi.

Kwa hiyo saa nane mchana uwe umeshageuza. Samaki na chipsi za bandarini kula, lakini usivimbiwe. Na weka ndizi mbili kwenye begi, usiziguse mpaka uwe umeiacha Wadebridge nyuma, unapanda.